"Sala ni Moyo": Jawabu kwa Wanaojificha Nyuma ya Washairi wa Bara Hindi



Kuna neno limeenea siku hizi barazani na katika simu za vijana wetu, nami nimelisikia mara nyingi hata nikaona kulinyamazia ni kosa. Neno lenyewe ni hili: "Sala ni moyo." Mwenye kulisema hakusudii kwamba sala yataka moyo, maana hilo kila mtoto wa chuoni alijua. Akusudia kwamba moyo ukiwa safi, basi kusimama, kurukuu na kusujudu hakuna haja tena. Na ukimtaka dalili hakuletei Aya wala Hadithi. Hukuletea washairi wa Bara Hindi: Kabir amesema, Bulleh Shah ameimba, Nanak amecheka.

Aliyenifikishia neno hili karibu zaidi ni kijana niliyemsomesha mwenyewe, tangu alifu mpaka akakhitimu. Leo ni fundi mwashi, ana mke na mtoto mmoja. Mama yake alinijia siku moja baada ya Alasiri, akasema, "Maalim, mwanao ameacha kusali. Mwezi wa tatu huu." Nikamwita. Akaja kwa adabu zake, akanibusu mkono, akakaa jamvini. Kisha akafungua simu, akanisikilizisha kawali ya Kihindi na kunieleza maana yake. "Maalim," akasema, "hawa walikuwa watu wa Mungu. Wamesema Mola hatafutwi msikitini, yumo moyoni. Na mimi moyo wangu ni safi."

Sikumjadili siku ile. Nilimwuliza neno moja tu: "Mwanangu, ni nani aliyekukasirisha?"

Akanyamaza kitambo. Kisha akanieleza. Kuna bwana mmoja alimjengea nyumba, naye akambakishia ujira wa miezi miwili. Kila akienda kumdai huambiwa njoo kesho. Na bwana huyo husali safu ya kwanza, nyuma ya imamu, na alama ya sijda iko usoni mwake. "Nikisimama kusali, Maalim, naona mgongo wake. Nikaona bora nibaki nyumbani na Mola wangu."

Basi, ndugu msomaji, kisa ndicho hicho, na jawabu langu leo lawaelekea watu wawili: kijana huyu na walio mfano wake, na bwana yule na walio mfano wake. Wa pili asiifunge gazeti akadhani hatajwi.

Tuwajue watu wenyewe

Asiyekujua hakuthamini. Vijana wetu huyataja majina haya kama mtu atajaye dawa asiyojua yatibu nini. Kabir alikuwa mfumaji wa nguo katika mji wa Banaras, karne ya 15. Jina lake ni la Kiarabu, na watu wa kazi ile mjini pale, aliolelewa kati yao, walikuwa Waislamu wa hali ya chini. Mashairi yanayonasibishwa kwake hayakumbakisha mtu. Amemcheka anayeliinamia jiwe, na anayedhani maji ya mto Ganga yataosha dhambi zake. Amemcheka na mwadhini pia, apaazaye sauti kana kwamba Mola ni kiziwi. Wahindu wa zama zake waliamini kwamba afaye Banaras huokoka, na afaye mji wa Maghar hurudi duniani katika umbo la punda. Yasimuliwa kwamba Kabir alipohisi ajali yake imekaribia, aliondoka Banaras kwa makusudi akaenda kufia Maghar. Mpaka leo pale Maghar pana makumbusho mawili yake yanayokaribiana, moja la Wahindu na moja la Waislamu, kwa kuwa kila upande ulimdai.

Ravidas naye alikuwa Banaras, mtu wa kazi ya ngozi, kazi ambayo Wahindu wa tabaka la juu waliihesabu kuwa najisi. Nanak, aliyezaliwa Punjab mwaka 1469 na kufa 1539, ndiye mwanzilishi wa dini ya Masingasinga. Bulleh Shah ni Mwislamu na mtu wa tarika, alikufa katikati ya karne ya 18 na kaburi lake liko Kasur, Punjab, upande ambao tangu mwaka 1947 ni Pakistan.

Hawa si watu wa dini moja wala zama moja, na katika maneno yao mna tunayoyakubali na mna tusiyoyakubali kabisa. Mimi sikuwekei mashairi kuwa ni hoja ya sharia. Sharia ina mizani yake. Lakini kwa kuwa umewaleta wewe kuwa mashahidi, basi na wasikizwe mpaka mwisho wa ushahidi wao. Shahidi hakatwi neno katikati.

Lawama yao ni ya haki

Naanza kwa kukiri. Walichokilaumu kipo, na kipo kwetu.

Wafuasi wa Nanak husimulia kisa kilichotokea mji wa Sultanpur. Nanak alichukuliwa msikitini pamoja na kadhi na mtawala wa mji. Wao wakasali, yeye akasimama tu, na katikati ya sala akacheka. Walipomaliza wakamjia juu: wacheka sala yetu? Akamwambia kadhi: wewe hukuwa ukisali. Nyumbani kwako farasi amezaa, na uwanjani mna kisima, na muda wote moyo wako ulikuwa ukimchunga yule mtoto wa farasi asije akatumbukia. Na mtawala naye, asema msimulizi, alikuwa Kabul akinunua farasi. Kadhi akakiri.

Nami nakiri. Mwaka jana, katika rakaa ya pili ya Isha, mbele ya watu, nilijikuta nimepiga hesabu kamili ya mabati ya paa la chuo, na misumari yake, na nani nimkope. Nilipotoa salamu sikujua ni sura gani niliyoisoma. Basi nimcheke kadhi wa Sultanpur kwa uso gani? Yeye alikuwa na farasi mmoja, mimi nilikuwa na mabati arubaini.

Lakini tambua, msomaji, kwamba sisi hatukumngoja Nanak wala Kabir atuambie haya. Katika Suratul Maun Mwenyezi Mungu amekwisha waonya wale wasalio huku wameghafilika na sala zao, wafanyao ria, na wanyimao watu hata msaada mdogo. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameweka katika Ihya kitabu kizima cha siri za sala, akaeleza humo sharti za mwili na hali za moyo pamoja. Kwa hivyo lawama ya washairi si mpya kwetu. Ni yetu, imetujia kwa lugha nyingine. Anayeileta mbele yetu kana kwamba ameivumbua, huyo hakusoma alichonacho nyumbani.

Jawabu la kwanza: mlango ulikuwa umefungwa

Sasa nije kwako, mwanangu. Umesikia kwamba watu hawa walisema Mola yumo moyoni. Umeuliza ni kwa nini walisema hivyo? Walikuwa wamesimama wapi waliposema?

Nikupe mfano mmoja. Katika nchi ya Maharashtra, mji wa Pandharpur, kuna hekalu kubwa la Wahindu. Karne ya 14 alikuwako mshairi aitwaye Chokhamela, wa tabaka la Mahar, watu waliopewa kazi ya kuondoa mizoga na wasiokubaliwa kuguswa. Yeye alimpenda mungu wa hekalu lile mapenzi makubwa. Simsifu kwa ibada ya sanamu, hilo lijulikane. Nasema habari ilivyokuwa. Makuhani hawakumruhusu kuingia. Maisha yake yote alisimama nje akaimba. Alipokufa akazikwa chini ya ngazi za mlango, na kaburi lake liko pale pale mpaka leo. Na watu wa tabaka lake waliendelea kuzuiwa mlangoni pale mpaka mwaka 1947, alipotokea mwalimu mmoja Mhindu, Sane Guruji, akafunga kula mpaka mlango ukafunguliwa. Hesabu mwenyewe: miaka mia sita!

Fikiri juu ya mtu kama huyo. Akisema Mola yumo moyoni, asema kweli ya mtu aliyefungiwa. Ravidas wa ngozi vivyo hivyo. Wamenyimwa mlango, wakatafuta mlango usiokuwa na bawabu. Neno lao ni kilio, na ni shtaka juu ya waliofunga.

Na wewe je? Nani aliyekufungia? Msikiti wako hauna tabaka. Mchukuzi husimama bega kwa bega na tajiri, na aliyetangulia kufika ndiye mwenye mahali. Adhana ile unayoimbiwa kwamba ni kelele kwa Mungu asiye kiziwi, haikuwekwa ili Mungu asikie. Imewekwa ili usikie wewe, nawe ndiye kiziwi. Mlango u wazi mara tano kwa siku, na jamvi limetandikwa. Kuliazima neno la Chokhamela ukalisemea kitandani wakati wa Alfajiri, shuka imekufunika mpaka kichwani, ni kumwibia masikini yule kitu pekee alichokuwa nacho.

Jawabu la pili: mshairi wa pili katika kitabu kile kile

Masingasinga wana kitabu chao kitukufu, Guru Granth Sahib. Kilikusanywa mara ya kwanza mwaka 1604 na Guru Arjan, akatia ndani yake maneno ya viongozi wao pamoja na ya watu wengine waliowaheshimu. Ndimo lilimo fungu kubwa la mashairi ya Kabir. Ravidas yumo pia. Na yumo Mwislamu, Sheikh Farid wa Pakpattan, walii mkubwa wa tarika ya Chishti, wa karne ya 13.

Je, wajua mashairi yanayonasibishwa kwa Sheikh Farid yasema nini humo? Yamtaka mtu aamke, atawadhe, asali sala ya asubuhi. Na juu ya kichwa kisichomwinamia Mola, yasema maneno makali ambayo mimi, mwalimu wako mwenye fimbo, sikupata kukuambia hata siku moja. Yumo ndani ya jalada moja na Kabir. Waliokusanya kitabu kile hawakuona kwamba wawili hawa wapingana, waliona wasaidiana. Mmoja amemkemea anayeinama bila moyo, na mwingine amemkemea anayedai moyo bila kuinama. Nanak naye, alipozitaja sala zetu tano, alizipa maana tano, na miongoni mwake ni ukweli, chumo la halali na nia njema. Hebu niambie: mtu hukitafutia maana kitu anachotaka kitupwe?

Na wala huna haja ya kusafiri mpaka Punjab kukiona kitabu hicho. Wengi wenu mmepita Makindu, katika njia ya Mombasa na Nairobi, mkaliona hekalu walilolianzisha Masingasinga waliokuja zama za ujenzi wa reli. Hapo msafiri hulishwa bure, haulizwi dini yake wala kabila lake. Na kitabu kisomwacho ndani yake ndicho hicho chenye maneno ya Sheikh Farid. Ajabu iliyoje! Huko Makindu walii wa Kiislamu ahimiza sala ya Alfajiri, na huku kwetu mtoto wa Kiislamu atafuta kwa washairi hao hao ruhusa ya kuiacha.

Jawabu la tatu: umechukua kilicho rahisi

Bulleh Shah alikuwa sharifu, wa nasaba ya Mtume (S.A.W.). Mwalimu aliyemfuata, Shah Inayat wa Lahore, alitoka katika jamaa ya wakulima na watu wa bustani. Yasimuliwa kwamba jamaa zake walikasirika mno: vipi sharifu amfanye mkulima kuwa sheikh wake, akae miguuni pake? Yeye hakurudi nyuma. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Twajua jinsi ukoo unavyoulizwa kabla ya posa, na jinsi mtu avunjiwavyo heshima kwa kazi ya babu yake.

Basi hapo ndipo penye Bulleh Shah. Maneno yake makali juu ya mulla na kadhi yalitoka kwa mtu aliyekwisha kulipa gharama: aliishusha nafsi yake mbele ya watu, akakubali kuchekwa. Lakini mimi sijamwona hata mmoja, na umri wangu umepita sitini, aliyemsikiliza Bulleh Shah kisha akaenda kumpa binti yake fundi, au akamsimamia mchukuzi asiye na ukoo. Ninaowaona wamemsikiliza wakaacha sala ya Alfajiri. Katika yote aliyoyaishi mtu yule, wamechukua lile lisilogharimu kitu.

Hiki ndicho kipimo changu, nawe kichukue ukakipimie. Dini ya moyo ikikuongezea mzigo wa haki, wa huruma, wa kujinyima, basi huenda ni ya kweli. Ikikupunguzia mzigo tu, ikakupa usingizi zaidi, itazame vizuri. Na ni nani aliyekuwa na moyo safi kumshinda Mtume wetu (S.A.W.)? Lau usafi wa moyo ungemtosheleza mtu, yeye angekuwa wa kwanza kusamehewa. Naye alisimama usiku mpaka miguu yake ikavimba.

Jawabu la nne: maji hayakai bila chombo

Kabir hakuacha kitabu alichokiandika kwa mkono wake. Maneno yake yalihifadhiwa kwa kuwa watu walikutana, wakakaa, wakayaimba, wakawafunza watoto. Na wafuasi wake wajiitao Kabir Panth leo wana nyumba zao za ibada, mojawapo Banaras kwenyewe, mahali paitwapo Kabir Chaura. Wana taratibu za kumpokea mfuasi mpya, na shanga za kuvaa shingoni. Na kule Pandharpur, wafuasi wa washairi wa Kimarathi, akina Namdev na Tukaram waliosifu mapenzi ya moyo, hutembea kwa miguu kila mwaka siku nyingi, makundi kwa makundi, mpaka hekaluni.

Wengine huwacheka: mbona wafuasi wa watu wa moyo wamerudi kwenye dhahiri? Mimi siwacheki kwa hilo. Naona ndiyo tabia ya mwanadamu aliyoumbwa nayo. Mapenzi yasiyokuwa na saa yake, mahali pake na tendo lake, hukauka. Muulize mke ambaye mumewe husema ampenda moyoni, lakini nyumbani haji na matumizi haleti. Kabir mwenyewe alikuwa mfumaji, akijua kwamba nguo ina nyuzi za urefu na nyuzi za upana. Ukizitoa za upande mmoja, huna nusu ya nguo. Una nyuzi tu mkononi.

Neno kwa mwenye safu ya kwanza

Sasa nakugeukia wewe, bwana. Umesoma mpaka hapa ukifurahi, ukisema, "Maalim amewaweza vijana." Ngoja.

Nimesema mlango wa msikiti u wazi. Lakini mlango hufungwa kwa njia nyingi. Makuhani wa Pandharpur walimzuia Chokhamela kwa tabaka. Wewe umemzuia kijana wa watu kwa mgongo wako. Hukumwambia asiingie, umemfanya asiweze kukutazama. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tumpe mfanya kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na jasho la kijana huyu limekauka, likalowa, likakauka tena, nawe wasema njoo kesho. Alama iliyo usoni pako ni ya mkeka. Ya sijda ingefika mfukoni.

Usije ukasema vijana wameharibiwa na nyimbo za Wahindi. Wimbo ulimkuta amekwisha jeruhiwa. Kila zama watu wa dini walipofanya ibada kuwa pambo la kufunikia dhuluma, alizuka mtu wa kuimba kwamba ibada ni bure. Sisi ndio tuwazaao akina Kabir, kisha tukawalaumu.

Nilimwendea bwana yule mwenyewe, nikazungumza naye faraghani, kama adabu inavyotaka. Akanikaribisha kahawa, akaniambia ataliangalia. Mpaka naandika maneno haya, hajalipa.

Na kwako, mwanangu

Haki yako ni haki yako, nami nitaendelea kukudaia. Lakini hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Yule aliyekudhulumu pesa, wewe umemwongezea na sala. Amekuchukulia miezi miwili ya kazi, nawe ukampa miezi mitatu ya sijda bila kuombwa. Ni hesabu gani hiyo, nawe ni fundi?

Rudi. Usisali nyuma ya mgongo wake ukiuona karaha. Njoo mapema, ukasimame safu ya kwanza ubavuni pake, bega lako liguse bega lake, nguo yako ya kazi na kanzu yake ya hariri. Mahali pale ni pako kama palivyo pake. Na mkiisha kutoa salamu, mpe mkono umtazame usoni. Huenda hiyo ikawa ni darsa asiyoweza kuipata kwangu. Na kama moyo wako ni safi kama usemavyo, sala haitauchafua.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe nyoyo zinazohudhuria na miili inayotii, awape wafanya kazi haki zao mikononi mwa waliozizuia, na atuondolee sisi walimu ile ghafla ya mabati. Amin.

Wabillahi tawfiq.